Kamba ya Osmund

Niliinunua kwa dola tatu kwenye mnada wa vitu vya marehemu,
ndoo ya plastiki: risasi za kuzamishia, koleo lenye kutu,
na kamba nyeupe yenye mafundo saba.
Dalali hakuitaja kamba. Alisema, "Ndoo na vilivyomo."

Osmund Tveit alivua ziwa letu miaka arobaini
na hakumwambia mtu kina.
Ukimuuliza, "Wako wapi leo?"
alijibu, "Majini,"
akawasha injini.

Samaki mwenyewe si wa kujivunia. Hujaa kiganja kimoja.
Shavu la buluu, kifua cha rangi ya kiini cha yai,
na nyuma ya shavu doa jeusi,
kama wino uliodondoka ukafutwa vibaya.
Huku Minesota tunamkaanga kwa unga wa mahindi
na kugombania mkia wake.

Mei, fundo la kwanza: nusu pima.
Nilisimama gatini nikaona mchanga umechimbwa vishimo vya duara,
ukingo kwa ukingo, kama sinia zilizoanikwa,
na juu ya kila sinia dume mmoja akipepea mapezi,
akifukuza kila kipitacho, na kivuli changu pia.
Mmoja aliuma ndoana bila njaa, kwa hasira tu.
Nilimrudisha.
Baba aliye zamu haondolewi mlangoni.

Juni yote nikabaki palepale, mjinga wa fundo moja,
nikivuta vitoto vya urefu wa kidole.
Wakubwa walikwisha kuhama.

Fundo la pili, pima moja: hakuna.
La tatu, pima mbili kasoro shibiri,
pale magugu yanapokoma ghafla
kama nywele zilizokutana na wembe.
Jua la Julai kichwani, buu mmoja kwenye ndoana ndogo,
nikahesabu risasi ikizama.
Saba, mapema. Kumi na mbili, maji baridi yasiyo na pumzi.
Tisa, uzi unasita.
Si kuvutwa. Kusita,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Oktoba ziwa lilijigeuza, ya chini yakaja juu,
likanuka majani mabovu na kiberiti,
na kwa wiki mbili mafundo yote yalinyamaza.
Kisha la nne likasema, penye magugu ya mwisho yaliyo mabichi,
nikajaza ndoo.
Asubuhi kwenye basi la shule ninaloendesha
mtoto mmoja alinusa koti langu, akauliza,
"Bwana Ruprecht, wanapatikana wapi?"
Nikasikia kinywa changu kikijibu, "Majini."

Januari nilitoboa barafu
nikashusha chambo hadi fundo la sita, pima nne na nusu.
Matope. Siku tatu za matope, masharubu yakiganda.
Siku ya nne, kwa baridi tu, mkono ulitetemeka ukainua uzi
hadi fundo la tano, na hapo wakaja.
Walikuwa wamening'inia katikati ya giza, mbali na sakafu,
na samaki huyu hutazama juu;
chambo kilicho chini yake
ni salamu iliyotolewa mgongoni.

Likabaki la saba. Pima nane.
Ziwa letu linaishia pima tano.
Usiku kucha nikalitafutia shimo ambalo halimo kwenye ramani.

Mwishowe nikampelekea Ardis, mjane wake,
samaki sita na swali langu.
Alicheka hadi akashika meza.
"Hiyo ni kamba yangu ya kuanikia nguo.
Aliikata mashuka yakiwa juu yake.
Fundo hilo nililifunga mimi, kwenye nguzo."

Hakuniuliza kina. Aliuliza kama ninaihitaji tena.
Mafundo sita nilikuwa nayo kichwani,
nikamwachia.

Alitoka na viatu vya ndani, theluji ikimfika kifundoni,
akaifunga nguzo kwa nguzo,
akatundika kitambaa cha vyombo.
Kabla mafuta hayajachemka
kilikuwa kimekauka kama ubao,
kando ya fundo la saba.